Jicho la Sajenti: kliniki iliyotafuta chanzo kwanza, dawa baadaye

Ninaandika kwa ajili ya mtu yeyote wa Dodoma mwenye mbwa ambaye leo amemkuta amefumba jicho moja, naye anasema moyoni, "Ni vumbi tu." Mimi nilisema hivyo mwezi wa nane, wiki ya Nanenane, na siku tatu zikapotea. Kliniki hii ya wanyama ninaipa nyota 4 kati ya 5. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia ile moja niliyoibakiza.

Mbwa wangu anaitwa Sajenti. Ni chotara, baba yake mbwa wa aina ya German Shepherd, mama yake wa hapa hapa kijijini. Ana miaka 6 na kilo 31. Anaishi shambani kwetu Mpunguzi kwenye zabibu, na wakati wa mavuno ndiye ninayemtegemea usiku, kwa sababu zabibu ikishaiva kila mtu anajua njia ya kufika shambani kwako.

Jumapili asubuhi kijana anayekaa shamba alinipigia simu. "Mama, Sajenti hafungui jicho." Nilipofika nilikuta jicho la kushoto limefumbwa, machozi yanamchirizika mpaka puani, matongotongo yameganda pembeni. Alikuwa anajisugua uso ardhini, kisha anakwenda kujikunja nyuma ya simtanki palipo na kivuli. Mbwa huyu hulala juani. Siku ile alikuwa anaukimbia mwanga, na ile ilikuwa dalili kubwa kuliko hata machozi, ila sikuipa uzito. Upepo wa Agosti huku kwetu unafahamika: ukianza saa nne asubuhi mpaka nguo zilizoanikwa zinakuwa nyekundu. Nikasema vumbi.

Jirani yangu, mzee mwenye mbuzi wengi, alipita akatusalimu, "Mbukwenyi," akamtazama mbwa, akanishauri nitafune chumvi nimtemee jichoni kama wanavyowafanyia mbuzi. Nilimshukuru, lakini sikufanya. Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikatia chumvi kidogo sana, nikamwosha. Bwana mifugo wetu alikuwa Nzuguni viwanjani kwenye maonyesho, kama wenzake wengi wiki ile. Kwa hiyo Jumatatu nikaenda duka la dawa mjini.

Duka hilo silitaji. Nitasema tu kilichotokea, kwa sababu kinaweza kukutokea kesho katika duka lolote. Muuzaji aliniuliza swali moja: "Jicho ni jekundu?" Nikasema ndiyo. Akageuka, akachukua kichupa cha matone, Sh 6,000, mara tatu kwa siku. Hakuna aliyetaka kumwona mbwa. Ndani ya kichupa kile mlikuwa na antibiotiki iliyochanganywa na deksamethasoni. Jina nililisoma vizuri tu kwenye lebo, ila kwangu lilikuwa jina la dawa kama majina mengine.

Nikaweka. Jumanne wekundu ulikuwa umepungua na Sajenti amefungua jicho nusu. Nilifurahi kweli. Jumatano alfajiri kijana alimmulika kwa tochi akaniita: jicho lilikuwa limeingia ukungu wa bluu, kama kioo cha dirisha ulichokipumulia asubuhi ya baridi, na katikati ya ukungu kulikuwa na kidoa kama kibonde. Hapo ndipo niliogopa.

Bajaji mbili zilikataa kumpakia. Nilikodi kirikuu, Sh 20,000 kwenda na kurudi, na saa tatu kasoro tulikuwa kwenye benchi la kliniki hii, ambayo nilielekezwa na mwenzangu tunayeuza naye zabibu. Tulikuta watu wanne mbele yetu. Hakuna namba, mnaulizana wenyewe nani alitangulia. Benchi liko nje, na jua la saa nne linalifikia. Paka na mbwa wanakaa mahali pamoja, paka wa watu wamejikunyata kwenye makapu wanatetemeka. Hapo ndipo nilipokata nusu ya nyota.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Daktari ni dada wa makamo, mpole lakini hana maneno mengi. Aliponiita hakumgusa Sajenti. Aliniambia, "Mama, mwachie kamba atembee kidogo," akasimama mlangoni anamwangalia uso. Alitaka kuona kama anapepesa macho yote mawili sawasawa, kama kope zinafunga mpaka mwisho, kama kuna kope iliyojikunja kwa ndani. Akaniuliza maswali ambayo duka halikuuliza: alianza lini, analala wapi, ameogeshwa dawa ya kupe karibuni, amepigana na paka, ana jicho lililowahi kuuma kabla. Kisha akasema, "Nionyeshe ulichomwekea." Nilikuwa nacho kwenye pochi. Alisoma lebo akakaa kimya kidogo, akaniambia tu, "Hii usiiweke tena, mama." Hakunigombeza. Ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu nilikuwa tayari nimeshikwa na uchungu.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kikaratasi. Kikaratasi chembamba chenye alama za milimita, ncha yake anaipachika ndani ya kope la chini, anahesabu dakika moja kwa saa ya mkononi. Kinapima machozi. Alipima macho yote mawili, hata lile zima. Zima lilifika milimita 19, bovu 25. Nikamwuliza kwa nini anapima machozi ya mbwa ambaye machozi yanamwagika yenyewe. Akasema macho makavu ni chanzo kimoja kikubwa cha vidonda vya jicho kwa mbwa; kawaida ni milimita 15 kwenda juu, na ukikuta jicho lina kidonda halafu machozi ni haba, basi hata umwekee antibiotiki mwaka mzima kidonda kitarudi, maana kinachokuna jicho ni ule ukavu. Na ni lazima kipimo hiki kitangulie. Ukishaweka tone lolote, namba zinaharibika.

Ndipo akaweka tone la ganzi. Sajenti, ambaye tangu Jumapili hakuruhusu mtu kumgusa upande ule, baada ya kama dakika moja alifungua jicho lote. Nilimwomba daktari anipe kichupa kile niende nacho nyumbani. Akakataa kabisa. Ganzi ni ya kupimia tu; ukiitumia kila siku kidonda hakifungi, na mbwa asiyesikia maumivu analisugua jicho mpaka analitoboa.

Kwa kibano butu alivuta kope la tatu. Kama hukujua, mbwa ana kope la ziada kwenye kona ya ndani ya jicho, upande wa pua; hulioni mpaka liinuliwe. Nyuma yake, pale ambapo maji yangu ya chumvi yasingefika hata kidogo, palikuwa na mbegu ya nyasi. Ndogo kuliko punje ya mchele, ina ncha kali na vinyweleo vilivyolalia nyuma, kwa hiyo ikiingia haitoki, inazidi kwenda mbele. Kila alipopepesa, kope lilikuwa linaiburuta mbegu ile juu ya jicho. Siku tatu. Aliitoa akaniwekea kwenye kipande cha karatasi nyeupe. Bado ninayo.

Kisha rangi. Hiki ndicho kipimo ambacho ningeomba kila mwenye mbwa akijue kwa jina ili akiulizie: fluoresini. Ni kikaratasi kingine, ncha yake ya rangi ya chungwa. Alikilowesha kwa maji safi ya dripu, akakigusisha kwenye jicho mara moja, akasuuza, akazima taa, akawasha kitochi cha mwanga wa bluu. Kwenye jicho la mbwa wangu kikawaka kidoa cha kijani kibichi, mviringo, kama upana wa tembe ndogo ya dawa, na juu yake mikwaruzo mitatu iliyosimama wima. Niliiona kwa macho yangu. Sikuhitaji kuambiwa niamini.

Nilimwuliza rangi inajuaje palipo na kidonda. Aliuliza kwanza ninafanya kazi gani. Nikamwambia zabibu. Akasema: "Zabibu nzima ukiimwagia maji, yanateleza. Ikichubuka ngozi, je?" Yanaingia. Basi konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, nacho kina ngozi nyembamba ya juu isiyopokea rangi ile. Ngozi hiyo ikichubuka, nyama ya chini yake inaifyonza rangi na kuwaka. Unene wote wa kioo hicho ni kama nusu milimita tu, mama, akaniambia, hatuna nafasi ya kubahatisha. Halafu akaongeza jambo lililonitia baridi. Kidonda kikichimba mpaka utando wa mwisho kabisa wa chini, utando huo nao haushiki rangi. Unaona pete ya kijani pembeni, katikati peusi. Mtu asiyejua anaona katikati hapana rangi anafurahi, kumbe hapo jicho limebakiza utando mmoja lipasuke. Alimwangalia Sajenti kwa muda mrefu kutafuta kitu hicho. Katikati palikuwa kijani. Kidonda kilikuwa kimeingia ndani kidogo, lakini hakikuwa kimefika huko.

Kwa sababu ya yale matone ya dukani hakuishia hapo. Alichukua ute kidogo kwa kijiti cha pamba pembeni mwa kidonda, akaupaka kwenye kipande cha kioo cha kupimia, akaenda kwenye hadubini. Tulisubiri kama robo saa. Aliporudi alisema bakteria wapo, si wengi. Na akanieleza kilichokuwa kinaendelea wakati mimi nafurahi Jumanne. Deksamethasoni ni steroidi. Inapunguza wekundu na uvimbe, hivyo jicho linaonekana limepoa. Lakini inazuia ile ngozi ya juu kukua na kuziba, na inafungua mlango kwa bakteria ambao vimeng'enya vyao, yaani kemikali za kuyeyusha, vinaweza kukila kioo cha jicho mpaka kikalainika kama uji. Tena mishipa ya fahamu imejaa zaidi kwenye tabaka la juu, kwa hiyo mkwaruzo wa juu juu unaweza kuuma kuliko kidonda kilichochimba. Mbwa kufungua jicho si ushahidi kwamba anapona. Mimi nilikuwa nimeuchukua kama ushahidi wote.

Ninasema haya kwa watu wa maduka ya dawa pia, kwa heshima. Dawa ile si mbaya, ina kazi yake kwenye magonjwa mengine ya macho. Lakini kuitoa kwa jicho lililofumbwa ambalo hakuna aliyelipaka rangi, ni kumpa mtu kisu gizani. Kipimo cha rangi pale kliniki kilikuwa Sh 8,000. Mimi kwa kuogopa kupoteza muda wa mavuno nilitumia 6,000 na nusura nipoteze jicho la mnyama aliyenilinda miaka sita.

Wakati tunasubiri hadubini aliingia mama mmoja mfanyakazi wa serikali aliyehamia huku kutoka Dar es Salaam, ana kale kambwa ka pua bapa na macho yaliyotoka nje. Nako kana kidonda, cha tatu sasa. Daktari alimwonyesha kwamba kakilala kope hazikutani, katikati ya jicho panabaki wazi usiku kucha na kukauka. Chanzo chake hakifanani hata kidogo na cha Sajenti. Majicho yale mawili yangefika dukani siku moja yangetoka na kichupa kimoja.

Matibabu niyapitie haraka. Matone ya antibiotiki isiyo na steroidi kila saa mbili siku mbili za kwanza tukiwa macho, kisha mara nne kwa siku. Atropini, tone la kulegeza na kufungua mboni, mara mbili kwa siku, kwa sababu mboni ilikuwa imejibana na maumivu yalikuwa yanatoka ndani pia. Kati ya dawa moja na nyingine dakika 5. Na koni shingoni, ile kola pana ya plastiki inayozunguka kichwa, asijikune. Hapa ndipo nusu ya pili ya nyota ilipokwenda: kliniki ilikuwa na koni ndogo tu, za mbwa wa kilo kumi. Kwa mji wenye mbwa wa ulinzi kila uzio, hili si sawa. Daktari alituelekeza tukate kitako cha ndoo ya lita 10, tuzungushie kitambaa mahali pa shingo, tufunge kwenye mkanda wake. Ilifaa. Sajenti aligonga kila mlango siku ya kwanza, ya pili akazoea.

Usiku ule ule, saa tatu, nilimwekea atropini na baada ya dakika chache mate yakaanza kumtoka mdomoni, povu jeupe linaning'inia. Kijana wa shamba alirukia nyuma. Kila mtu aliyekulia vijijini anajua mbwa mwenye povu maana yake nini, na watoto wa jirani walikuwa uani. Kadi yake ya chanjo ya kichaa ninayo na ilikuwa hai, lakini mikono ilikuwa inatetemeka. Nilipiga namba ya kliniki bila matumaini. Ikapokelewa, na daktari mwenyewe. Akaniuliza, "Umeweka ile yenye kifuniko chekundu?" Ndiyo. "Ni chungu, mama. Kutoka jichoni inashuka kwa njia ya machozi mpaka puani na kooni, anaionja. Mpe maji, subiri." Nilimpa maji. Nusu saa baadaye alikuwa amelala. Alinitaka radhi kwamba alisahau kuniambia mapema. Alipaswa kuniambia, ni kweli. Lakini simu iliyopokelewa saa tatu usiku ninaihesabu pia.

Ijumaa alitaka kumwona tena. Niliona kama ni kunivutia pesa, maana safari ya Mpunguzi si ndogo, lakini nilikwenda. Rangi ikapakwa upya: kidoa kilikuwa kimebaki nusu, kingo zake zimetulia. Alisema ngozi ya juu inateleza kutoka pembeni kuja katikati kuziba, na kwa mkwaruzo wa kawaida uliotolewa chanzo chake, ndani ya wiki moja huwa umefunga. Ikipita wiki haujafunga, hapana kuongeza dawa kiholela, inabidi kurudi nyuma kuuliza ni nini bado kinalikuna jicho. Alikuwa amejiandaa kwamba kama kingeanza kulainika angemtoa Sajenti damu yake mwenyewe, aizungushe kwenye mashine, apate maji yake ya juu ya kumtonea jichoni, kwa kuwa yana kitu kinachovizuia vile vimeng'enya. Haikuhitajika.

Tulirudi mara ya tatu Ijumaa iliyofuata. Taa ikazimwa, tochi ya bluu ikawashwa, nikasogea mpaka pua yangu ikakaribia sikio la mbwa. Hakuna kijani. Kimebaki kikovu chepesi kama wingu, ukisimama upande wa dirisha utakiona. Anaona vizuri, nilimtupia pamba kimyakimya upande wa kushoto akaifuata kwa macho inavyoanguka, kama daktari alivyofanya.

Gharama zote kliniki, ziara tatu pamoja na dawa, zilikuwa Sh 74,000. Bei hazijabandikwa popote, unaambiwa mwishoni, na mtu aliyekuja na 20,000 mfukoni atapata aibu ambayo angeepushwa na karatasi moja ukutani. Nimewaambia. Risiti walinipa. Wanapokea malipo kwa simu.

Magugu yote chini ya mizabibu upande wa simtanki tumeyafyeka, kwa sababu pale ndipo Sajenti anapochimba kulala, na ile mbegu nilipoilinganisha na nyasi za pale ilikuwa yenyewe.

Ukienda, beba kila kichupa ulichokwisha kutumia, hata kama unaona haya. Usimwekee kitu chochote asubuhi ile kabla ya kupimwa machozi. Wanafungua saa 2:30. Jumatano wahi kabla ya saa sita, kwa sababu mchana daktari huwa vijijini kwenye chanjo.